Maswali ya Wasomaji: Kupeleka Makala na Kazi za Sanaa kwenye Kongamano la Sanaa za Kidijitali

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi kwamba makongamano mengi ya sanaa za kidijitali hupokea makala za kitaaluma pamoja na kazi za usanii, kila kimoja kwa utaratibu wake. Barua zilizotufikia baada ya hapo, nyingi kutoka mitaa ya Nairobi, zimetuonyesha kwamba maelezo yale hayakutosha. Tumechagua sita na kuzijibu hapa kadiri tulivyoweza.

*Mhariri, mimi ni msanii wa sauti ninayeishi Umoja. Kwa miaka miwili nimekuwa nikirekodi makondakta wa matatu wakiita abiria Muthurwa na barabara ya Tom Mboya, kisha nikaziunda sauti hizo ziwe kazi ya chumbani, ambamo msikilizaji akisogea, sauti nazo hubadilika. Wito wa kongamano niliousoma unataja makala kamili, makala fupi, kazi za maonyesho, warsha na mazungumzo ya msanii. Sikusoma chuo kikuu. Nipitie mlango upi? — Msanii wa sauti, Umoja*

Ndugu msanii, ondoa kwanza hofu ya shahada. Kongamano la ISEA, ambalo lilianza Utrecht, Uholanzi, mwaka 1988, liliundwa ili wasanii, wanasayansi na watafiti wa sanaa za kielektroniki wakutane mahali pamoja, na lilipofika Durban mwaka 2018 ndipo lilipokanyaga ardhi ya Afrika kwa mara ya kwanza. Katika kumbi za aina hiyo mtu huulizwa amefanya nini na anaweza kukieleza vipi. Hata hivyo, nyumba hizi hazifanani. SIGGRAPH, iliyoanza mwaka 1974 kama mkutano wa wataalamu wa michoro ya kompyuta, ina makala za sanaa na ina maonyesho, lakini uzito wa teknolojia huonekana kila mahali. Ars Electronica ya mjini Linz, Austria, iliyoanza mwaka 1979, ni tamasha, na tuzo yake iliyoanzishwa mwaka 1987 hutazama kazi zenyewe. Kabla ya kuamua upitie mlango upi, soma kazi zilizokubaliwa miaka miwili au mitatu iliyotangulia, maana hizo hukueleza ladha ya wenye nyumba kuliko wito wenyewe.

Kuhusu makala na kazi, tofauti ni hii. Anayesoma makala hutafuta hoja: umeuliza swali gani, nani alilishughulikia kabla yako, ulitumia njia gani kulijibu, na sasa tunajua nini ambacho hatukukijua. Anayetazama kazi ya maonyesho hujiuliza mambo mawili, yaani atakayeingia chumbani atakutana na nini, na kama chumba hicho kinaweza kweli kutengenezwa kwa siku chache na watu wasiokufahamu. Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ni msanii kuandika aya moja na kuipeleka kwenye milango yote miwili. Aya hiyo kwa kawaida husema kwamba kazi "inachunguza uhusiano kati ya binadamu na jiji", na mwamuzi anayesoma maombi mengi kwa jioni moja hana la kufanya na sentensi kama hiyo, kwa sababu ingeweza kuandikwa juu ya kazi yoyote ya mji wowote.

Andika badala yake kwamba msikilizaji anaingia katika chumba chenye giza na spika nane, kwamba akisimama katikati anasikia makondakta wote kwa pamoja kama mtu anayeshuka Muthurwa saa moja asubuhi, na kwamba akimkaribia mmoja wao wale wengine hunyamaza mmoja baada ya mwingine hadi ibaki sauti ya mtu mmoja aliyechoka. Hapo mwamuzi wa Seoul au Montreal, ambaye hajawahi kupanda matatu, ameshaingia chumbani. Kwa upande wa makala, hoja yako ingeweza kuanzia kwenye jambo ulilolisikia ulipokuwa ukirekodi: kwa mfano, ukigundua kwamba makondakta hupandisha sauti kwa namna maalumu ili wito upenye kelele za injini, na kwamba ukiziondoa injini wito huo hubadilika maana masikioni mwa wasikilizaji, basi una swali la utafiti lenye njia na majibu.

Ushauri wangu ni upeleke kazi pamoja na mazungumzo ya msanii mwaka huu, na makala uiache ikomae. Mazungumzo hayo huwa na maandishi mafupi, nayo yatakufundisha kuandika kwa hadhira hii bila kukulemea.

Video ya kazi ndiyo huamua mengi. Wito ukisema dakika tatu, usipeleke saba. Usirekodi skrini ya kompyuta yako pekee. Rekodi chumba, rekodi mtu akitembea ndani yake, ili mwamuzi aone ukubwa na asikie mabadiliko. Kwa kuwa kazi yako ni ya sauti, mshauri mtazamaji avae spika za masikioni. Niliwahi kukaa katika jopo la uamuzi ambako kazi iliyosifiwa na kila aliyesoma maelezo yake haikupata alama hata moja ya video, kwa sababu kiungo kilidai nywila ambayo msanii hakuiandika popote, na muda wa kumwandikia ulikuwa umekwisha. Nililisikitikia jambo lile kwa muda mrefu. Kabla hujabonyeza kitufe cha kuwasilisha, fungua kila kiungo kwa simu ya mtu mwingine.

Maelezo ya kiufundi nayo yasiandikwe kwa haraka. Taja ukubwa wa chumba kwa mita, kiwango cha giza, idadi ya spika, urefu wa nyaya, muda wa kusimika na nani ataisimika. Taja ni nini utakuja nacho mwenyewe na ni nini unaomba upewe. Kumbuka kwamba umeme wa Kenya ni volti 240 na hezi 50, ilhali wa Marekani ni volti 120 na hezi 60, hivyo kila kifaa utakachobeba kikaguliwe kama kinakubali yote mawili. Unda kazi iweze kujiwasha yenyewe umeme ukirudi, maana mlinzi wa ukumbi atakayeiwasha asubuhi hatajua programu yako. Wala usiitegemeze kwenye intaneti ya ukumbi. Kila faili iwe ndani ya kompyuta.

*Mhariri, ninasomea shahada ya uzamili hapa Nairobi. Nilipeleka ikisiri, yaani muhtasari mfupi, na makala kuhusu wachoraji wanaotumia akili mnemba, nikakataliwa. Mwamuzi wa kwanza aliandika kwamba haoni jambo jipya. Wa pili aliandika kwamba nimejitambulisha, ilhali uamuzi ulikuwa wa kuficha majina pande zote mbili. Jina langu nililifuta kwenye ukurasa wa kwanza. Nilikosea wapi? — Mwanafunzi, Ngara*

Umetutumia ikisiri yako, nasi tunakushukuru kwa uaminifu huo. Ina maneno 250, na katika hayo 170 yanaeleza kwamba akili mnemba imebadilisha dunia na kwamba wasanii wana maoni tofauti. Wachoraji wenyewe, uliozungumza nao kwa saa nyingi, wanaingia kwenye sentensi ya mwisho. Mwamuzi wa kwanza hakukudhulumu; jambo lako jipya lilikuwepo, ila ulilificha uvunguni. Ulituandikia katika barua yako kwamba wachoraji kadhaa walikuambia programu huwapa nyuso na mavazi yasiyofanana na ya watu wa kwao, hivyo wakalazimika kuchora upya kwa mkono kile ambacho mashine ilikwisha kukichora. Jambo hilo ndilo lingekuwa sentensi yako ya pili, mara tu baada ya swali. Kisha useme ulizungumza na wangapi, wapi, kwa njia gani, na matokeo yanapinga au yanaunga mkono madai gani ya waliotangulia. Dunia iliyobadilika inaweza kuachwa. Wasomaji wa kongamano hilo wanaishi ndani yake.

Kuhusu jina, kulifuta ukurasa wa kwanza ni hatua ya mwanzo tu. Faili ya makala hubeba jina la mwenye kompyuta katika sifa zake za ndani, na aliyezoea kazi hii huliona kwa mibonyezo miwili. Jina la faili lenyewe, shukrani kwa msimamizi wako, jina la chuo katika maelezo ya picha, nambari ya kibali cha utafiti, na kiungo cha hifadhi ya mtandaoni kinachoonyesha akaunti yako vyote hukutaja. Vilevile sentensi kama "katika makala yangu ya awali nilionyesha" humwelekeza msomaji moja kwa moja kwako. Jitaje kama unavyomtaja mtu mwingine, kwa nafsi ya tatu, na uziweke shukrani pembeni hadi makala ikubaliwe, kwani wakati huo utaombwa nakala ya mwisho yenye majina yote.

Jihadhari na jambo linalowachanganya wengi: katika kongamano hilohilo, kazi za maonyesho mara nyingi haziamuliwi kwa kuficha majina, kwa kuwa wasifu wa msanii ni sehemu ya ombi. Ukipeleka makala juu ya kazi ambayo pia umeiombea nafasi ya maonyesho, waandikie waandaaji mapema uwaulize wanataka uitaje vipi. Swali hilo halimchukizi mtu.

Neno moja zaidi, kwa kuwa mada yako inalihusu. Ikiwa ulitumia programu ya akili mnemba kusahihisha Kiingereza chako au kutengeneza picha zilizomo, soma masharti ya wito kuhusu kutangaza matumizi hayo, na uyatangaze. Makongamano mengi sasa yanadai hivyo, na makala inayohusu uaminifu wa wachoraji haiwezi kunyamaza kuhusu mkono ulioisaidia.

*Mhariri, wito ulisema mwisho ni tarehe 15, saa 23:59, AoE. Nilikesha saiba hadi saa sita usiku nikapeleka kazi isiyokamilika. Rafiki yangu alipeleka yake kesho yake mchana na ikapokelewa. Imekuwaje? — Mchoraji wa uhuishaji, Eastleigh*

Herufi hizo, kifupi cha Kiingereza "Anywhere on Earth", humaanisha kwamba tarehe haijaisha hadi iishe kila mahali duniani, na saa inayofuatwa ni ile iliyo nyuma ya saa ya kimataifa kwa saa 12. Nairobi iko mbele ya saa ya kimataifa kwa saa tatu, kwa hiyo tofauti ni saa 15. Kwako wewe, mlango ulifungwa tarehe 16 saa nane na dakika 59 mchana. Lakini wito ukiandika UTC, yaani saa ya kimataifa yenyewe, badala ya AoE, mlango hufungwa saa nane na dakika 59 usiku wa kuamkia tarehe 16, na aliyezichanganya mbili hizi huamka na kukuta pamefungwa. Pole kwa kukesha kwako. Angalia pia kama mfumo wa kuwasilisha unakuruhusu kubadilisha faili kabla ya muda kwisha. Mingi huruhusu, na kazi isiyokamilika ingeweza kubadilishwa asubuhi ile.

*Mhariri, nimepata barua pepe inayonisifu kama mtafiti mashuhuri na kunialika kuwasilisha makala kwenye kongamano la sanaa na teknolojia mjini Dubai. Wanataka ada ya usajili ndani ya siku tano, na wameahidi kukubali makala kwa saa 48. Sijawahi kuchapisha chochote. Nilipe? — Mhitimu, Rongai*

Usilipe. Uamuzi wa haki huchukua wiki kadhaa, mara nyingi miezi, na ada hulipwa baada ya makala kukubaliwa. Tafuta majina ya kamati yao, kisha uwaandikie wawili au watatu kupitia anwani za vyuo vyao uwaulize kama wanaijua kamati hiyo. Wapo waliowahi kujibu kwamba majina yao yametumiwa bila idhini. Tazama makala za miaka iliyopita ziko wapi na kama mtu anaweza kuzisoma. Kongamano linalochanganya sanaa, uuguzi, kilimo na uhandisi katika ukumbi mmoja wa hoteli halina waamuzi wa kazi yako. Na ikiwa umeshawapa nakala ya makala, waandikie leo kwamba umeiondoa, uhifadhi barua hiyo, kwa sababu makala iliyochapishwa huko huenda isipokelewe tena mahali pa maana.

*Mhariri, mimi na dada yangu tulimrekodi nyanya yetu Taita akiimba nyimbo za kubembeleza watoto, tukazitengenezea uhuishaji. Kongamano limetukubali na kututumia fomu ya hakimiliki tutie saini. Tunaogopa kuipoteza kazi. Pia, nyimbo ni za Kitaita na maelezo ndani ya kazi ni ya Kiswahili. Tugeuze yote yawe Kiingereza? — Ndugu wawili, Kasarani*

Barua yenu imetugusa kuliko zote, na majibu yake yana sehemu ambazo hazipaswi kuchanganywa.

Uhuishaji ni wenu. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, hakimiliki huzaliwa kazi inapowekwa katika umbo la kudumu, nayo kwa kazi ya picha na sauti kama uhuishaji wenu hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipotengenezwa, ilipotolewa kwa umma au ilipochapishwa mara ya kwanza, ukihesabiwa mwaka ulio wa mwisho kati ya hiyo. Kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya si sharti la kuimiliki, ila cheti chake ni ushahidi mzuri siku ya ubishi, na tunawashauri muisajili kabla ya kutia saini. Katika fomu, tafuteni kama mnatoa kibali au mnahamisha haki. Kibali kisicho cha kipekee huwaruhusu waandaaji kuonyesha kazi na kuchapisha picha zake katika kitabu cha kongamano, nanyi mkabaki huru kuionyesha kwingine kesho. Kuhamisha haki ni kutoa nyumba pamoja na ufunguo. Makala za kitaaluma wakati mwingine hudai hivyo. Kwa kazi ya sanaa, kataeni kwa adabu na muombe kibali cha muda na mahali maalumu.

Nyimbo ni jambo jingine. Wimbo wa kubembeleza ulioshuka kizazi hadi kizazi haukutungwa na nyanya wala nanyi, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya mwaka 2016, inayotambua haki ya jamii juu ya nyimbo za aina hiyo na kutaka idhini yao ipatikane kwanza, wakiwa wameelezwa matumizi. Zungumzeni na wazee kabla fomu haijarudi. Fomu nyingi huwataka mthibitishe kwamba kila kilichomo ni chenu peke yenu, na hamwezi kuandika hivyo kwa dhamiri safi. Andikeni pembeni kwamba nyimbo ni za jamii ya Wataita na zimetumiwa kwa idhini.

Kisha yuko nyanya mwenyewe. Sauti yake na sura yake ni taarifa zake binafsi, zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kama mwimbaji ana haki katika uimbaji wake. Najua mtasema kwamba alifurahi kurekodiwa. Alifurahi kuwaimbia wajukuu. Keti naye, mweleze kwa Kitaita kwamba watu wa nchi za mbali watamwona, kwamba picha yake huenda ikabaki mtandaoni akiwa hai na baada ya hapo, na umuulize kama anakubali, jina lake liandikwe vipi, na ni wimbo upi asingependa utoke nyumbani. Rekodini majibu yake. Jina lake litangulie majina yenu katika orodha ya walioshiriki, akiridhia.

Msigeuze lugha. Fomu na maelezo ya kongamano yaandikwe kwa Kiingereza ikiwa wito unadai, lakini kazi iseme Kitaita na Kiswahili, na tafsiri ipite chini ya skrini. Tafsiri hiyo ifanywe na mtu anayezijua nyimbo, maana neno la kumtuliza mtoto likitafsiriwa ovyo husikika kama amri. Wekeni pia ukurasa mmoja wa maelezo unaosema wimbo huimbwa saa ngapi, na nani, mtoto akiwa amebebwa vipi. Ukurasa huo utamfaa mwamuzi, na utamfaa zaidi mtoto wa Kitaita aliyezaliwa Nairobi atakayeutafuta wimbo huo miaka ijayo.

*Mhariri, kazi yangu imekubaliwa Ulaya. Sina nauli, sina ada, na viza sijaomba. Nijiondoe? — Msanii wa michezo ya kompyuta, Kawangware*

Usijiondoe kabla ya kuwaandikia. Wajibu ndani ya siku chache kwamba umekubali, kisha katika barua tofauti uulize mambo manne kwa uwazi: kama wana msamaha wa ada kwa wasanii wasio na taasisi, kama unaweza kuwasilisha kwa video ya moja kwa moja, kama kazi inaweza kusimikwa na mafundi wao kutokana na faili utakazotuma, na ni tarehe gani ya mwisho ya kusajili angalau mwandishi mmoja, kwa sababu makala ambayo mwandishi wake hakusajiliwa kwa kawaida huondolewa kwenye ratiba. Mchezo wa kompyuta husafiri vizuri kama faili, hivyo una bahati ambayo mchongaji hana. Omba pia barua ya mwaliko yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, ikitaja jina la kazi, tarehe na nani anayegharamia nini. Nafasi za miadi ya viza za Ulaya hapa Nairobi hujaa mapema, kwa hiyo chukua miadi mara barua hiyo ifikapo, hata kama jibu la ada bado halijaja, na ubebe nakala ya barua ya kukubaliwa pamoja na picha za kazi yenyewe.